Plasta Haibebi Jengo: Kupima na Kunyoosha Nguzo Kabla ya Kumimina Zege



Karibu kila usharika katika Dayosisi yetu una jengo linaloendelea: kanisa jipya, ukumbi, madarasa ya chekechea au nyumba ya mtumishi. Fedha hutoka kwa washarika wenyewe, kwa harambee na kwa marafiki walio mbali. Katika toleo hili tunapenda kueleza hatua moja ya ujenzi ambayo huchukua siku chache tu, lakini ikikosewa hairekebishiki bila kuvunja. Hatua hiyo ni kupima mahali pa nguzo na kuzisimamisha wima kabla ya kumimina zege.

Tunaieleza kwa lugha ya kawaida kwa sababu kamati ya usharika inaweza kuikagua yenyewe kwa vifaa vya bei nafuu. Tunaieleza pia kwa sababu katika mradi mmoja ofisi yetu ilikosea, na tusingependa usharika mwingine upite njia ile.

YALIYOTUPATA

Miaka michache iliyopita tulikuwa tukisimamia ujenzi wa ukumbi katika mmoja wa sharika zetu za vijijini. Ukumbi ulikuwa na upana wa mita 12 na urefu wa mita 16, ukipimwa kutoka katikati ya nguzo ya pembeni hadi katikati ya nguzo nyingine ya pembeni. Kila upande wa urefu ulikuwa na nguzo 5 zilizoachana mita 4, yaani nguzo 10 kwa jumla. Kila nguzo ilikuwa na upana wa sentimeta 23 kwa 23 na kimo cha mita 3.2. Juu yake ulikuwa upite mkanda wa zege, yaani lenta, na juu ya lenta zikae kenchi za paa.

Utaratibu wetu wakati huo ulikuwa kutoa fedha kwa awamu. Awamu ya pili ilitolewa baada ya kamati kutuletea picha za nguzo zilizokwisha kumiminwa. Picha zilikuja, nguzo 10 zikionekana zimesimama vizuri, nasi tukatoa fedha. Hakuna mtu aliyetoka ofisini kwenda kupima.

Tulifika kwenye kiwanja wakati mafundi walipokuwa wakijiandaa kufunga nondo za lenta. Kamba ilikuwa imevutwa kutoka nguzo ya kwanza hadi ya tano upande wa kaskazini. Mtunza hazina wa kamati, mama mmoja ambaye hajawahi kufanya kazi ya ujenzi, ndiye aliyeuliza swali.

"Fundi, mbona kamba hii haiendi sawa na nguzo ya tatu?"

"Mama, hilo ni jambo dogo," fundi akajibu. "Plasta itaficha."

Tulipopima, tulikuta nguzo ya tatu imekaa nje ya mstari kwa milimita 55. Nguzo ya nne ilianza mahali pake chini, lakini juu ilikuwa imeinama kwa milimita 40. Nondo zilizochomoza juu ya nguzo hizo mbili hazikukutana na mstari wa lenta. Fundi alipendekeza nondo zikunjwe kwa bomba ziingie kwenye mstari, kisha ukuta na plasta vifanye yaliyobaki. Baadhi ya wajumbe walikubaliana naye, kwa maana mvua za masika zilikuwa zinakaribia na wageni wa usharika rafiki walikuwa wamekwisha kupanga safari ya kuja kwenye uzinduzi.

Tulimwita mhandisi. Alipima upya na kutoa jibu fupi: nguzo hizo mbili zivunjwe hadi chini, zimiminwe tena.

KWA NINI SENTIMETA CHACHE NI JAMBO KUBWA?

Swali hili liliulizwa kwenye kikao, na lilistahili kuulizwa. Nguzo ile ilikuwa na zege gumu na nondo za kutosha. Je, sentimeta tano na nusu zinaweza kudhuru nini?

Mfikirie mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Ndoo ikikaa katikati, anaweza kutembea nayo mwendo mrefu, kwa sababu uzito unashuka moja kwa moja kupitia shingo na uti wa mgongo. Ndoo ileile, yenye maji yaleyale, ikisogea pembeni kidogo, shingo inauma baada ya hatua chache. Uzito haujaongezeka, ila sasa shingo inabeba na wakati huohuo inazuia ndoo isianguke.

Nguzo nayo iko hivyo. Tuchukue mfano wa mzigo wa tani 5 uliokaa sentimeta 6 nje ya katikati ya nguzo. Mkunjo unaopatikana ni sawa na ule wa kutokeza mbao ya mita 1 kutoka kwenye nguzo na kuning'iniza kilo 300 kwenye ncha yake. Tena mzigo huo hautolewi jioni. Unakaa hapo mchana na usiku kwa maisha yote ya jengo.

Zege lina nguvu nyingi likikandamizwa, lakini likivutwa nguvu yake ni karibu sehemu moja ya kumi tu. Kwa nguzo ya mraba, mzigo ukihama kutoka katikati kwa zaidi ya sehemu moja ya sita ya upana wake, upande mmoja wa nguzo huacha kukandamizwa na kuanza kuvutwa. Kwa nguzo ya sentimeta 23, sehemu hiyo ya sita ni kama milimita 38. Nguzo yetu ya tatu ilikuwa imeshavuka hapo. Kuanzia hapo ni nondo zinazoshika, na kama nondo zenyewe hazikuwekwa mahali pake, hakuna tena kinachoaminika.

Wahandisi wanajua kwamba hakuna fundi anayejenga bila kosa lolote. Ndiyo maana kanuni za Ulaya za usanifu wa zege, zinazojulikana kama Eurocode 2, zinamtaka mhandisi apige hesabu kana kwamba mzigo umehama katikati kwa angalau milimita 20. Kwa maneno mengine, kosa dogo la kibinadamu limeshawekewa nafasi kwenye hesabu. Kosa la milimita 55 halikuwekewa nafasi na mtu yeyote.

Lipo pia suala la ardhi inayotikisika. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilituonyesha jinsi majengo ya shule, makanisa na nyumba za watu yanavyoweza kuharibika kwa muda mfupi sana. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibiwa kiasi cha kuhitaji kujengwa upya. Tetemeko husukuma jengo kwa upande. Nguzo iliyokwisha kuinama inapokea msukumo huo ikiwa tayari imechoka.

Jambo la mwisho ni kutu. Nondo zinatakiwa kufunikwa na zege pande zote. Katika mchoro wetu unene huo wa kufunika ulikuwa milimita 30. Nondo zikisogea upande mmoja ndani ya boksi, upande huo hubaki na milimita chache tu. Maji na hewa hupenya, nondo hupata kutu, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na zege hupasuka na kubanduka. Plasta huficha kasoro hiyo kwa muda, kisha nayo huanguka pamoja na zege.

VIFAA VINAVYOTOSHA

Kwa jengo la chini lisilo ghorofa, kamati inahitaji vitu vifuatavyo: tepu ndefu ya chuma ya mita 30, futi ya chuma ya mita 5, kamba nyembamba ya nailoni isiyolegea, timazi, pimamaji, mpira mwangavu wa maji kwa ajili ya usawa wa kimo, misumari, chaki na daftari. Kwa ghorofa hali ni tofauti. Huko vipimo vifanywe na mhandisi au mpima mwenye vyombo vya kazi hiyo.

Timazi ni chombo cha kale. Nabii Amosi, sura ya 7, anaona timazi mkononi mwa Bwana, na kila mshariki anayesoma hapo anaelewa mara moja, kwa kuwa bado tunaitumia ileile. Ni uzito uliofungwa kwenye uzi. Haihitaji umeme wala betri, na haimpendelei mtu.

Mambo matatu ya kuangalia kuhusu vifaa: Kwanza, tumieni tepu moja tangu mwanzo hadi mwisho, na isiwe ya kitambaa, kwa sababu tepu ya kitambaa hunyooka ikivutwa. Pili, hakikini pimamaji kabla ya kuiamini: iwekeni kwenye ukuta au mbao, someni kiputo, kisha igeuzeni upande wa pili mahali palepale. Kiputo kisiposimama mahali palepale, pimamaji hiyo ni mbovu. Tatu, mpira wa maji usiwe na mapovu ya hewa ndani, la sivyo utawadanganya.

HATUA KWA HATUA

1. Pata mraba wa jengo.
Kosa kubwa la nguzo mara nyingi huanzia hapa. Vuteni kamba ya upande mrefu kwanza. Kwenye pembe, pimeni mita 6 kwenye kamba moja na mita 8 kwenye kamba nyingine. Umbali kati ya alama hizo mbili ukiwa mita 10 kamili, pembe hiyo ni mraba. Mafundi wengi huijua kanuni hii kwa namba 3, 4 na 5. Namba kubwa zaidi huleta usahihi zaidi.

Kisha pimeni mshazari, yaani kutoka pembe hadi pembe inayoikabili. Kwa ukumbi wetu wa mita 12 kwa 16, kila mshazari unapaswa kuwa mita 20. Mishazari miwili isipolingana, jengo limekwenda upande hata kama kila ubavu una urefu sahihi. Sogezeni hadi ilingane.

Kwenye kiwanja chenye mteremko, tepu ishikwe usawa, isilale juu ya ardhi. Mteremko wa mita 1 ndani ya mita 20 unatosha kuwapotezea karibu sentimeta 2.5.

2. Weka mbao za vipimo nje ya msingi.
Hizi ni mbao zinazopigiliwa kwenye vigingi, umbali wa mita moja hivi nje ya mtaro, ambazo mafundi wengine huziita profaili. Misumari inayoonyesha mistari ya katikati ya nguzo hupigiliwa juu yake. Kamba zinaweza kutolewa wakati wa kuchimba na kurudishwa wakati wowote mahali palepale. Mbao hizi zisiondolewe mpaka nguzo zote ziwe zimekwisha kumiminwa. Katika mradi wetu ziliondolewa mapema na kutumika kupikia chakula cha mafundi.

3. Pima nguzo zote kutoka sehemu moja.
Msipime kutoka nguzo ya kwanza hadi ya pili, kisha ya pili hadi ya tatu. Mkikosea sentimeta moja kila mara, nguzo ya tano itakuwa imekosewa kwa sentimeta 4. Tepu ishikwe kwenye nguzo ya kwanza, ivutwe hadi mwisho, na alama ziwekwe kwenye mita 4, 8, 12 na 16 bila kuiachia. Hapa ndipo nguzo yetu ya tatu ilipopotea: ilipimwa kutoka kwa jirani yake, bila kamba ya mstari.

4. Shika nondo za kuanzia.
Nondo za nguzo husimamishwa kwenye msingi kabla jamvi halijamiminwa. Wakati wa kumimina, watu huzikanyaga, hupitisha ndoo na kuziegemea. Zifungwe kwa mbao pande zote ili zisihame, na kipimo kirudiwe siku hiyohiyo zege likiwa bado bichi. Zege likishakauka na nondo zikawa nje ya mstari, itaneni na mhandisi. Kuzikunja kwa nguvu kwenye shina ni kuzidhoofisha mahali zinapohitajika zaidi.

5. Mimina kitako kifupi.
Kabla ya boksi la nguzo, ni vema kumimina kitako cha zege chenye ukubwa uleule wa nguzo na kimo cha sentimeta 5 hadi 10. Kitako hiki hupimwa kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa boksi lote litakibana. Chini pakiwa sahihi, kinachobaki ni kunyoosha juu.

6. Weka vipande vya kushika unene wa zege.
Vipande vidogo vya saruji, ambavyo mafundi wengi huviita biskuti, hufungwa kwenye ringi pande zote nne ili nondo zisiguse boksi. Viwe na unene ule uliotajwa kwenye mchoro. Kokoto au kipande cha mbao si mbadala wake.

7. Simamisha boksi na ulipime kwa timazi.
Pigilieni kipande cha mbao juu ya boksi kikitokeza nje, na kutoka hapo ning'inizeni timazi, uzi ukiwa sentimeta 10 kamili kutoka uso wa boksi. Shukeni chini mpime umbali kati ya uzi na boksi. Ukiwa sentimeta 10, boksi ni wima. Ukiwa sentimeta 11.2, sehemu ya juu imeinamia upande wa timazi kwa milimita 12. Rudieni zoezi hili kwenye uso wa pili unaopakana na wa kwanza, kwa sababu boksi linaweza kuwa wima upande mmoja na kuinama upande mwingine. Upepo ukisumbua, tumbukizeni timazi kwenye ndoo ya maji bila kugusa chini, itatulia.

Kwa nguzo zilizo kwenye mstari mmoja, nyoosheni kwanza zile za mwanzo na mwisho. Kisha tafuteni vipande vitatu vya mbao vyenye unene uleule. Viwili huwekwa chini ya kamba kwenye nguzo za mwisho ili kamba isiguse maboksi ya katikati. Cha tatu hupitishwa kati ya kamba na kila boksi la katikati. Kikipita kwa kugusa kidogo tu, boksi liko kwenye mstari. Fanyeni hivyo chini na juu.

8. Egemeza boksi pande nne.
Zege bichi lina uzito na husukuma boksi kama maji yanavyosukuma tangi. Boksi la mita 3 likijazwa kwa haraka, msukumo wa chini kabisa unazidi tani 7 kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo vibanio viwe karibukaribu zaidi sehemu ya chini. Mirunda ya kuegemeza iwe pande nne, na iegemee kigingi kilichokita au ubao mpana. Mirunda ya nguzo yetu ya nne iliwekwa pande mbili tu juu ya udongo mtupu. Usiku ule mvua ilinyesha, mrunda mmoja ukazama, boksi likaufuata, na asubuhi zege likamiminwa bila kipimo kurudiwa.

9. Mimina, kisha pima tena.
Timazi isitolewe wakati wa kumimina. Zege liingie kwa tabaka za kama nusu mita na kushindiliwa kila tabaka. Katikati ya kazi mtu asome timazi, na asome tena mwishoni. Boksi likiwa limesogea, kuna muda mfupi wa kulirudisha kwa mirunda kabla zege halijaanza kushika. Tunashauri kazi hiyo imalizike kabla saa moja haijapita. Baada ya hapo msiliguse.

Boksi likishafumuliwa, nguzo ifunikwe magunia na kumwagiliwa maji kwa siku 7, kisha ipimwe mara ya mwisho na matokeo yaandikwe.

KARATASI YA VIPIMO

Baada ya tukio lile tulibadilisha utaratibu wetu. Sasa kila mradi wa ujenzi una karatasi ya vipimo. Kila nguzo ina namba na mstari wake. Yanayoandikwa ni haya: umbali kutoka nguzo ya kwanza, umbali kutoka mstari wa katikati, usomaji wa timazi kwenye nyuso mbili, na unene wa zege linalofunika nondo. Nafasi zipo mbili, moja kabla ya kumimina na nyingine baada ya boksi kufumuliwa. Wanaotia sahihi ni fundi mkuu, mjumbe mmoja wa kamati aliyeshika tepu mwenyewe, na mwakilishi wa ofisi yetu au mhandisi.

Mipaka tuliyokubaliana na mhandisi kwa majengo yetu ya chini ni hii: mahali pa nguzo pasipotofautiana na mchoro kwa zaidi ya milimita 10, na boksi lisiiname kwa zaidi ya milimita 5 kabla ya kumimina. Baada ya kufumua, nguzo ikiwa imeinama kwa zaidi ya milimita 10, kazi inasimama hadi mhandisi afike. Si lazima ivunjwe. Mhandisi ndiye anayeamua. Lakini kazi haiendelei kwa makubaliano ya fundi na kamati peke yao.

Fedha za awamu inayofuata hutolewa kwa karatasi hii. Picha bado tunazipokea kwa furaha na kuwatumia wafadhili, ila hazitumiki tena kama uthibitisho. Nguzo iliyoinama milimita 40 huonekana nzuri kwenye picha.

Hatukuleta karatasi hii ili kuwashuku mafundi. Fundi mzuri huipenda, kwa sababu inamlinda. Jengo likipata ufa miaka mitano baadaye, anayo sahihi ya watu watatu kwamba nguzo zake zilikuwa wima.

MAAMUZI YA KAMATI

Turudi kwenye ukumbi wetu. Kikao cha kamati kilikuwa kirefu. Hoja ya kwanza ilikuwa gharama. Tulipopiga hesabu, zege la nguzo moja ya aina ile lilihitaji saruji ya mfuko mmoja na kidogo tu. Kilichogharimu kilikuwa siku za vibarua kuvunja bila kuharibu msingi, nondo mpya, mbao za maboksi na muda. Kazi ilichelewa wiki tatu, na mvua zikatukuta kabla hatujapaua. Nguzo mbili zilizogharimu saruji isiyofika mifuko mitatu zilirudisha nyuma jengo zima.

Hoja ya pili ilikuwa ngumu zaidi: Je, tuwaambie wafadhili? Mjumbe mmoja alisema wakijua wataona fedha zao zimechezewa. Mwingine alisema habari hii ibaki kati ya usharika na ofisi. Mama mtunza hazina alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza ni nani ataandika kwenye kitabu cha mapato na matumizi kwamba tumenunua nondo za nguzo mara mbili, na ataandika sababu gani. Hakuna aliyejibu. Barua iliandikwa jioni ile, na ofisi yetu ikaandika sehemu yake: kwamba tulitoa fedha bila kupima.

Usharika rafiki uliahirisha safari. Haukusitisha msaada. Katika jibu lao waliomba kitu kimoja, kwamba kuanzia sasa watumiwe vipimo pamoja na picha. Karatasi ya vipimo tunayoitumia leo ilianzia kwenye ombi hilo.

Fundi naye tulibaki naye. Alivunja nguzo hizo mwenyewe kwa nyundo, na alipozisimamisha upya alimwita yule mama aje kusoma timazi kabla zege halijaletwa. Mama alisoma sentimeta 10 juu, sentimeta 10 chini, nyuso zote mbili. Akaandika, akatia sahihi.

OMBI LETU

Kwa kamati za sharika: Chagueni wajumbe wawili, na ingefaa mmoja awe mama au kijana, wajifunze kutumia timazi na tepu. Ni somo la asubuhi moja, na mratibu yuko tayari kuja kulifundisha kwenye kiwanja chenu. Msiruhusu zege liletwe kabla karatasi haijajazwa. Fundi akiwaambia kwamba plasta itaficha, mwambieni kwa heshima kwamba plasta haibebi jengo.

Kwa wafadhili na marafiki: Tunaomba mtuvumilie pale tunapowaandikia kwamba kazi imesimama kwa siku mbili ili kupima. Siku hizo mbili ni sehemu ya ujenzi. Katika bajeti mtakazozipokea kutoka kwetu mtaona pia kifungu kidogo cha vifaa vya vipimo na nauli ya mhandisi. Tafadhali msikiondoe mnapotafuta mahali pa kupunguza.

Kwa sharika ambazo nguzo zake zimekwisha kusimama na bado hazijawekewa lenta: bado mnayo nafasi. Vuteni kamba kutoka nguzo ya kwanza hadi ya mwisho, ning'inizeni timazi, na mtuandikie mlichokiona, kiwe kizuri au kibaya. Karatasi tupu za vipimo zinapatikana katika ofisi ya miradi na katika ofisi za majimbo.

Ukumbi ule sasa unatumika. Siku za juma chekechea hukutana humo, na Jumapili washarika huabudu humo wakisubiri kanisa lao likamilike. Kwenye kabati la mtunza hazina, pamoja na stakabadhi za saruji na nondo, imo karatasi moja yenye nguzo 10 na sahihi zake. Nguzo ya tatu na ya nne zimeandikwa mara mbili.

Mungu azibariki kazi za mikono yenu.